Mlinzi wa Usiku Awe na Jina

Likizo kubwa inakaribia, na katika parokia nyingi maandalizi ya kambi za vijana yamekwisha kuanza. Wakizito-Anuarite, Waxaveri na Maskauti wanakusanya michango, wanatafuta mahema na sufuria, wanapanga mafundisho na michezo. Wazazi wanaletewa karatasi ya ruhusa ili watie sahihi. Karatasi hiyo hutaja tarehe, mahali, kiasi cha mchango na vitu ambavyo mtoto atabeba. Ni mara chache sana hutaja jambo ambalo sisi walei, tuliokabidhiwa malezi ya watoto hawa, tungepaswa kulitaja kwanza: nani atakuwa macho wakati watoto wote wamelala?

Swali hilo limepata uzito mpya tangu maafa yaliyotokea Texas, nchini Marekani, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025. Kando ya mto Guadalupe, katika wilaya ya Kerr, kuna kambi nyingi ambako watoto hupelekwa wakati wa likizo. Mojawapo ni Camp Mystic, kambi ya Kikristo ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1926. Usiku ule mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima, na mto ukapanda, kwa kadiri ya viongozi wa huko, karibu mita 8 kwa muda wa dakika 45. Katika kambi hiyo moja walikufa watu 27, wasichana pamoja na vijana waliowalea. Mabanda ya wasichana wadogo kabisa ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na mto. Katika jimbo zima la Texas waliokufa walizidi 130. Siku mbili baadaye, katika sala ya Malaika wa Bwana, Baba Mtakatifu Leo XIV aliwakumbuka kwa namna ya pekee wazazi waliopoteza binti zao kambini.

Hatuandiki ili kuwahukumu wenzetu walio katika msiba. Mkurugenzi wa kambi hiyo mwenyewe alikufa akijaribu kuwaokoa watoto, na mashauri yaliyofikishwa mahakamani yana waamuzi wake. Tunaandika kwa sababu maafa yale yana fundisho linaloivuka bahari, nasi tutakuwa na hatia mbele ya watoto wetu tukiliacha lipite.

Fundisho lenyewe ni hili: onyo si wokovu. Mchana wa tarehe 3 Julai, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mafuriko yanaweza kutokea. Saa saba na dakika 14 usiku ilitoa onyo la mafuriko ya ghafula kwa wilaya ile. Saa kumi na dakika 3 alfajiri ilitangaza hatari kuu. Kati ya onyo la usiku na tangazo la hatari kuu zilipita karibu saa tatu. Nchi ile ina setilaiti, ina rada, ina simu kila mahali. Tena wakaguzi wa serikali walikuwa wameitembelea Camp Mystic tarehe 2 Julai, siku mbili tu kabla ya maafa, wakaona kwamba mpango wa dharura ulikuwapo kwa maandishi. Basi elimu ilikuwapo, onyo lilikuwapo, na karatasi ilikuwapo. Lakini onyo linalotolewa usiku wa manane huangukia watu waliolala, na karatasi haiwezi kumbeba mtoto hata mmoja kumpeleka mlimani.

Usiku huohuo, kwenye tawi jingine la mto uleule, kulikuwa na kambi ya Wapresbiteri iitwayo Mo-Ranch. Huko, yapata saa saba usiku, mfanyakazi mmoja aliona jinsi maji yalivyokuwa yakipanda, akamwarifu mkubwa wake. Wakawaamsha watu wapatao 70, watoto na wakubwa, wakawahamishia jengo la juu. Hakufa hata mmoja. Huko chini ya mto, katika mji wa Comfort, ving'ora vililia na wazima moto wa kujitolea wakawahimiza watu waondoke. Nako hakukuripotiwa kifo. Katika wilaya ya Kerr yenyewe, habari ya ving'ora ilikuwa imejadiliwa kwa miaka kadhaa, lakini fedha hazikupatikana, navyo havikuwekwa. Na haikuwa kwamba mto ule ulikuwa haujawahi kusema. Tarehe 17 Julai 1987 mto uleule wa Guadalupe uliwachukua vijana waliokuwa wakiondolewa katika kambi ya Kikristo karibu na Comfort, wakafa 10.

Mo-Ranch hawakuokolewa na utajiri kuliko wenzao. Waliokolewa na mtu mmoja aliyekuwa macho, akatazama maji, na asiogope kumwamsha mkubwa wake.

Wengine watasema: hayo ni ya Marekani. Sisi tunajibu: tuyatazame maji yetu wenyewe. Mwezi wa Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ilifurika Uvira, ikaua na kuwaacha maelfu ya watu bila makao. Tarehe 4 Mei 2023, katika wilaya ya Kalehe, mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakafa. Mwezi wa Mei 2025, miezi miwili tu kabla ya maafa ya Texas, maji yaliivamia Kasaba, katika wilaya ya Fizi, wakati wa usiku. Wengi waliokufa walikuwa watoto na wazee. Sababu zinafanana. Kule Texas udongo ni mwembamba juu ya mwamba, na maji hayapati pa kuzama. Kwetu milima ni mikali, miti imekatwa, na mito ni mifupi, nayo huporomoka moja kwa moja hadi ziwani. Katika nchi za namna hiyo, mvua ya muda mfupi tu yaweza kuugeuza mto wa kuvuka kwa miguu kuwa mnyama mkali.

Lililo baya zaidi ni kwamba si lazima mvua inyeshe pale ulipolala. Yaweza kunyesha juu mlimani, mbali na kambi, huku watoto wakilala chini ya nyota. Na maji hayahitaji kuwa mengi. Maji yaendayo kwa kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yaweza kubeba gari. Mtoto wa miaka tisa, gizani, akitafuta viatu vyake, atafanya nini?

Vijana wetu hupiga kambi karibu na mto kwa sababu zilizo wazi: wanahitaji maji ya kupika, ya kufua na ya kuoga. Nasi katika Kivu tumezoea kujifariji kwa kusema kwamba likizo kubwa huangukia wakati wa kiangazi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kiangazi hakikutia sahihi mapatano na mtu yeyote. Mwisho wa Agosti mawingu huanza kurudi, na kambi za likizo ya Pasaka huangukia katikati ya mvua, katika miezi ileile iliyoiletea Uvira na Kalehe maombolezo. Kambi ya Pasaka iliyopangwa kwa mazoea ya kambi ya Julai ni hatari iliyoandaliwa kwa mikono yetu.

Kuna pia neno ambalo husemwa baada ya kila msiba: ni mapenzi ya Mungu. Tunalisikia kwa heshima linapotoka kinywani mwa mama anayelia, maana ni njia yake ya kumshika Mungu asimwache. Lakini likitoka kinywani mwa msimamizi aliyelala bila kuweka zamu, neno hilo linakuwa kifuniko cha uzembe. Yezu mwenyewe, alipojaribiwa juu ya kinara cha hekalu, alikataa kujitupa chini kwa kuwategemea malaika. Aliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Nehemia, maadui walipomtishia, alisali pamoja na watu wake, na papo hapo akapanga walinzi wa mchana na wa usiku. Sala na zamu havikushindana. Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anasema kwa ukali juu ya mlinzi anayeona hatari inakuja asipige baragumu: damu ya waliopotea itatakwa mkononi mwake. Na habari njema ya Noeli ilitangazwa kwanza kwa wachungaji waliokesha usiku wakilinda kundi lao. Mungu hajawahi kuwaona wakeshaji kuwa watu wa imani haba.

Basi tunatamka msimamo wetu. Hatutaki kambi zifutwe. Humo watoto wetu hujifunza kusali pamoja, kupika, kusameheana na kuishi na mwenzao wa kabila jingine. Katika nchi yenye majeraha kama yetu, shule hiyo haina mbadala. Tunachotaka ni kwamba pasiwe na kambi yoyote ya parokia inayoruhusiwa kuanza kabla mlinzi wa usiku hajajulikana kwa jina. Si kusema "wasimamizi watalinda", maana kazi ya wote ni kazi ya asiye na jina. Iandikwe: usiku wa Jumatatu, kuanzia saa tatu hadi saa saba, fulani na fulani, kuanzia saa saba hadi alfajiri, fulani na fulani. Wawe watu wazima, wawiliwawili, na waliokesha wapewe nafasi ya kulala mchana. Kijana aliyeongoza michezo kutwa nzima hawezi kukesha. Tukimwandika kwenye zamu tunajidanganya.

Yanayobaki ni mepesi, wala hayadai fedha nyingi. Kabla ya kuchagua mahali, tuwaulize wazee wa kijiji maji yaliwahi kufika wapi, tukalaze watoto juu ya alama hiyo. Jiko na mahali pa kufulia vyaweza kuwa karibu na mto, vitanda visiwe. Tupande mti wenye alama ukingoni, na mlinzi autazame kwa taa kila baada ya muda mfupi. Maji yakibadilika rangi, yakianza kuleta majani na matawi, au mlio wa mto ukigeuka, asingoje alama ifikiwe. Tutafute ndugu wa jumuiya iliyo juu ya mto atakayepiga simu mvua kubwa ikinyesha kwake; Kanisa letu lina jumuiya hai karibu kila kilima, na huo ni mtandao ambao hata matajiri wangeutamani. Kuwe na ishara moja, ngoma au firimbi, isiyotumika kwa jambo jingine lolote. Na jioni ya kwanza kabisa, gizani, watoto wafanye zoezi la kuamka, kupanda na kuhesabiwa kwa majina.

Sharti moja ni gumu kuliko yote hayo, maana linagusa adabu zetu. Kwetu kijana haoni kuwa ni heshima kugonga mlango wa padri au wa mkuu wa kambi usiku wa manane. Atasita. Atajiuliza: na kama ni bure? Atangoje kidogo, na katika huko kungoja kidogo mto unapanda mita nzima. Kwa hiyo mkuu wa kambi atangaze mbele ya wote, siku ya kwanza, kwamba mlinzi yeyote ana mamlaka ya kuamsha kambi nzima bila kuomba ruhusa, na kwamba atakayeamsha watu bure atashukuriwa kama aliyewaokoa. Usingizi uliokatizwa hulipwa kesho yake mchana. Mtoto aliyechukuliwa na maji halipwi.

Huko Texas, wazazi waliofiwa hawakunyamaza. Walikwenda mbele ya watunga sheria, na tarehe 5 Septemba 2025 gavana alitia sahihi sheria mpya: mabanda ya kulala watoto yasiwe katika ardhi ambayo mto huifikia unapofurika, kila kambi iwe na mpango wa dharura, na wafanyakazi wafundishwe. Sheria hizo ni nzuri, lakini ziliandikwa baada ya makaburi. Sisi tunayo nafasi ya kuandika zetu kabla.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, mtakapoletewa karatasi ya ruhusa mwaka huu, msitie sahihi haraka. Ulizeni kwa upole: watalala wapi, maji yako umbali gani, nani atakesha? Asiyeweza kujibu hana ubaya, ila hajawa tayari. Nanyi ndugu wasimamizi, msiyaone maswali hayo kuwa dharau. Mzazi anayemkabidhi mtu mtoto wake kwa usiku mmoja amemkabidhi vyote alivyo navyo. Mama anayelala kwa amani nyumbani yafaa ajue jina la mtu anayekesha kwa ajili yake kando ya mto.