Mhitimu wa Ujenzi na Aanzie Kwenye Zege

Kila mwaka Chuo Kikuu cha Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine nchini hutoa wahitimu wa uhandisi, ubunifu majengo, ukadiriaji majenzi na uthamini wa ardhi. Vijana hao huondoka na shahada, na wazazi wao huondoka na matumaini. Kesho yake huanza safari ya kupeleka maombi ya kazi, na wengi huwa na picha moja tu moyoni: ofisi ya mjini, meza na kiyoyozi. Picha hiyo haina budi kusahihishwa, kwa manufaa ya kijana mwenyewe na ya wananchi watakaoishi katika majengo atakayoyasimamia.

Yafaa ieleweke kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mtaalamu kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humsajili kijana kwanza kama mhandisi mhitimu, na tangu mwaka 2003 bodi hiyo imekuwa na mpango wa mafunzo ya vitendo ya miaka 3 chini ya wahandisi wenye uzoefu. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao, na wathamini wana yao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Wako vijana wanaoziona taratibu hizi kuwa urasimu wa kuwachelewesha. Hilo ni kosa.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, mahali penye maduka na watu tele, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Baada ya misiba ya namna hiyo taifa zima huuliza: wataalamu walikuwa wapi? Swali hilo ndilo ambalo mhitimu anapaswa kulibeba siku ya kwanza anapovaa kofia ngumu.

Darasani kijana amefundishwa kwamba maji yakizidi, zege hupoteza nguvu. Lakini ni kwenye eneo la ujenzi, saa nane mchana, jua likiwaka na mchanganyiko ukiwa mzito, ndipo anapomwona kibarua akiongeza ndoo ya maji ili koleo lipite kwa urahisi. Hapo ndipo elimu inapopimwa. Kijana anatakiwa awe na ujasiri wa kuzuia, na pia awe na adabu ya kueleza sababu. Anatakiwa ahesabu nondo kabla zege halijamwagwa, kwa kuwa likishamwagwa hakuna jicho litakalohesabu tena. Anatakiwa afuatilie vipande vya zege vinavyopimwa nguvu baada ya siku 7 na siku 28, asikubali kuandikiwa majibu ya vipande ambavyo hakuviona vikivunjwa. Fundi mwashi aliyeshika mwiko kwa miaka 20 hana shahada, lakini ana mengi ya kumfundisha kijana asiyeona haya kuuliza.

Upande wa ardhi nako mambo ni yale yale. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Maneno hayo hayana maana iwapo mthamini kijana atajaza fomu akiwa kivulini, bila kufika shambani kuhesabu minazi na miembe ya mwananchi anayehamishwa. Mti mmoja uliosahauliwa ni jasho la mtu lililopotea.

Lipo jaribu jingine ambalo humfuata mtaalamu mara tu anapopata usajili. Atakuja mtu mwenye kiwanja na fedha, ambaye hataki usimamizi. Anataka jina tu la kuandika kwenye ubao ulioko mbele ya jengo. Malipo yatakuwa mazuri, na kazi itakuwa kutia sahihi. Anayekubali amekodisha heshima yake kwa mtu asiyemjua, naye atatafutwa siku nguzo zitakapoanza kupasuka. Jina la mtaalamu si bidhaa.

Hata hivyo, si haki kuwatwika vijana lawama zote. Zipo kampuni zinazotangaza kazi na kudai uzoefu wa miaka 5, hali zenyewe hazitaki kumpokea mhitimu hata kwa mwaka mmoja. Zipo nyingine zinazompokea, zikamtuma kutoa nakala za michoro na kumwacha bila hata nauli. Wakandarasi wakubwa na idara za umma zenye miradi mikubwa wana wajibu wa kuwapa vijana nafasi, msimamizi anayewajibika na posho ya kujikimu. Mwenye nyumba anayejenga kwa fedha yake naye anufaika, maana mtaalamu aliyelelewa vyema humwepusha na hasara.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mhitimu anayepewa nafasi Kigoma au Lindi asiikatae kwa kuwa ipo mbali na taa za jiji. Vumbi la miaka 3 litaoshwa kwa maji. Uzembe uliofichwa ndani ya nguzo hauoshwi, nao hulipwa na mpangaji wa ghorofa ya chini ambaye hakuwahi kuulizwa chochote.