Songea Ilifunguliwa Mlango. Sisi Je?

Wako watakaouliza, Songea na Unguja ni wapi na wapi? Songea ni mji wa bara ya ndani, kusini kabisa, katika Mkoa wa Ruvuma, nchi ya Wangoni. Hauna bahari wala karafuu, na mtu atokaye Dar es Salaam kwa basi humpasa kukaa kitini mchana kutwa na sehemu ya usiku. Lakini katika shauri tunalotaka kulisema leo, yaani timu yetu ya taifa na nafasi yake mbele ya mataifa mengine, mji huo ni shahidi wetu, nasi twamleta mbele ya wasomaji bila ya kusita.

Ndugu wanachama wenye umri watakumbuka Ligi ya Muungano. Ilianza mwaka 1982, ikachezwa hadi mwaka 2003, na ndani yake klabu bora za Bara zilikutana na klabu bora za Visiwani ili apatikane bingwa mmoja wa nchi nzima. Mwaka 1984 bingwa alikuwa KMKM ya kwetu. Mwaka uliofuata, wakati watu wa Dar es Salaam wakidhani kombe litarudi Kariakoo kama mtoto arudivyo kwao jua likitua, likachukuliwa na Majimaji ya Songea. Wakasema ni bahati. Mwaka 1986 Majimaji wakalichukua tena. Malindi ya Unguja ikalipata mwaka 1989 na mwaka 1992, na mwaka 1998 Wana Lizombe, kama wapenzi wao wanavyowaita, wakalipeleka Songea mara ya tatu.

Jina la klabu hiyo si la kuokota njiani. Ni la Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na hapo hapo Songea ndipo Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Kingoni mwaka 1906, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye mji wenyewe umebeba jina lake. Watu waliozikwa kwa pamoja kwa kuukataa unyonge, wajukuu zao hawakuona haya kuingia uwanjani na matajiri wa pwani. Wala hakuna mtu aliyewauliza Wangoni hao kama Songea ni nchi au si nchi. Waliambiwa, shinda. Wakashinda. Mlango ukafunguka.

Sasa tuitazame hali yetu. Tangu mwaka 2004, Zanzibar ilipopokewa katika Shirikisho la Afrika, CAF, kwa uanachama ule usio kamili, klabu zetu huingia katika mashindano ya Afrika kwa tiketi yao wenyewe, hazipiti Bara. Bingwa wa Unguja na Pemba hupanda ndege akenda kucheza na Waarabu wa kaskazini au na watu wa magharibi, na katika karatasi za CAF huandikwa kuwa ametoka Zanzibar. Hapo sisi ni watu. Lakini wachezaji wale wale wakivaa jezi ya Zanzibar Heroes na kutaka kugombea Kombe la Mataifa ya Afrika, huambiwa kuwa Zanzibar haipo. Hebu mtu mwenye akili timamu atufafanulie jambo hili: vipi klabu iwe na kwao, na kwao kwenyewe kusiwepo?

Mwaka 2017 tulionja. Tarehe 16 Machi, mjini Addis Ababa, mkutano mkuu wa CAF ulitupokea kuwa mwanachama kamili, wa hamsini na tano. Watu walipeana mikono barazani, wakanunuliana kahawa. Furaha ile haikutimiza miezi mitano. Mwezi wa Julai, huko Rabat, CAF ile ile, chini ya rais mpya Ahmad Ahmad aliyechaguliwa siku ile ile tuliyopokewa, ilitufuta. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na kwamba nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Rais mwenyewe ni mtu wa Madagascar, mwana wa kisiwa kama sisi. Hilo twalitaja tu, hatulitolei hukumu.

Kwanza tuseme kuwa timu ya Zanzibar ni kongwe kuliko CAF. Visiwa hivi viliingia katika Kombe la Gossage, kushindana na Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1949. CAF ilizaliwa mwaka 1957. Mtoto amezaliwa akamkuta mzee amekaa kibarazani, kisha akamwuliza cheti cha kuzaliwa.

Pili, hoja ya kwamba michezo hufuata bendera ya Umoja wa Mataifa haisimami hata kwa mguu mmoja, na ushahidi wake tutautoa katika mchezo ambao kwetu haujulikani sana, raga ya wachezaji saba kila upande, ichezwayo dakika saba kila kipindi. Tumeuchagua kwa makusudi, kwani hakuna mchezo ulioyainua mataifa madogo kuliko huo. Fiji ni visiwa katika bahari ya Pasifiki, watu wake hawatimii milioni moja. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, raga ya saba ilipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, Fiji iliifunga Uingereza 43 kwa 7 katika fainali. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki ya aina yoyote katika historia ya nchi hiyo, nayo ikawa ya dhahabu. Serikali yao ikatoa noti ya dola saba kwa ukumbusho. Na msidhani Fiji ni majitu yasiyofungika: miezi minne kabla ya hapo, mwezi wa Aprili, jirani zetu wa Kenya waliwafunga 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore.

Lakini ile Uingereza iliyofungwa Rio, ni timu gani? Hapo ndipo penye somo. England, Scotland na Wales ni dola moja, bunge moja, kiti kimoja Umoja wa Mataifa. Hata hivyo kwa miaka mingi kila mmoja wao aliingia katika mashindano ya dunia ya raga ya saba kwa jina lake na wimbo wake. Wales, nchi ndogo ya milima na makaa ya mawe, ilikuwa bingwa wa Kombe la Dunia la mchezo huo mwaka 2009 huko Dubai. Ilipofika Olimpiki waliungana wakawa timu moja. Tangu msimu wa 2022/23 wameamua kuungana hata katika mzunguko wa kila mwaka wa raga ya saba, na hilo ni hiari yao. Katika kandanda wamebaki mbalimbali hadi leo, pamoja na Ireland ya Kaskazini, na FIFA inawapokea wote wanne. Ireland nayo ni kinyume chake: kisiwa kimegawanyika katika dola mbili, ila katika raga wana timu moja, tangu kabla ya kugawanywa. Basi dola moja ina timu nne, na dola mbili zina timu moja, na mbingu hazijaanguka. Hatujasikia kuwa Wales iliitwa msaliti kwa kuchukua kombe.

Nasi hatutaki zaidi ya hayo. Olimpiki twende pamoja na ndugu zetu wa Bara, chini ya bendera moja, kama wafanyavyo wao. Katika kandanda tuachiwe jina letu. Soka haimo katika orodha ya mambo ya Muungano, na anayesema imo atuonyeshe nambari yake.

Wako wanaotuona kama watu wa makelele yasiyo na faida. Nao tuwatazamishe hapo jirani, ng'ambo ya maji, Ngazija, Anjouan na Mwali. Wakomoro hawafiki nusu ya watu wetu. Hesabu ya mwaka 2022 imetuhesabu sisi 1,889,773. Walipokewa na FIFA mwaka 2005. Wakafungwa, wakafungwa tena, wakacheka na kufungwa, lakini kila mwaka walikuwa na mechi ya kucheza. Mwezi wa Januari 2022, huko Cameroon, katika Kombe la Mataifa lao la kwanza, waliifunga Ghana 3 kwa 2, Ghana iliyokwisha kulichukua kombe hilo mara nne. Wakaingia katika hatua ya kumi na sita bora kukutana na wenyeji, na siku hiyo hawakuwa na golikipa hata mmoja wa kumweka: mwingine majeruhi, wengine wamezuiwa na maradhi ya korona. Wakamweka golini Chaker Alhadhur, ambaye ni beki. Walifungwa 2 kwa 1 tu, na bao lao la mpira wa adhabu, la Youssouf M'Changama, bado watu wanalisimulia. Nani Mzanzibari aliyeitazama mechi ile bila ya kuona wivu? Sisi tuliuona, tena wivu mchungu.

Kiti kile kina fedha pia, jambo ambalo viongozi wetu hulisema kwa sauti ndogo. Katika mpango wake wa maendeleo wa 2023 hadi 2026, FIFA imemtengea kila mwanachama hadi dola milioni 8, mkubwa na mdogo sawasawa. Mkomoro ana haki ya fungu lake. Sisi hungoja kile kitakachotufikia kwa kupitia mkono wa mwingine, na mwenye kula kwa mkono wa mwenzake hashibi.

Na asitwambie mtu kuwa hatuna miguu. Kombe la CECAFA tulilichukua mwaka 1995 huko Uganda. Mwezi wa Desemba 2017, miezi mitano tu baada ya kufutwa, vijana wa mwalimu Hemed Suleiman walikwenda Kenya wakaifunga Rwanda 3 kwa 1, wakaifunga Tanzania Bara 2 kwa 1, wakaitoa Uganda katika nusu fainali 2 kwa 1, na katika fainali ya Machakos wakatoka 2 kwa 2 na wenyeji, wakashindwa kwa penalti. Mwalimu huyo huyo baadaye alikabidhiwa Taifa Stars. Tarehe 13 Januari 2025, uwanja wa Gombani, Pemba, tuliifunga Burkina Faso 2 kwa 1 tukabaki na Kombe la Mapinduzi. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo uwanja wetu wa Amaan ulipokea kundi zima la mashindano ya CHAN: Senegal, Nigeria, Congo na Sudan. Majani yetu yanafaa kukanyagwa na Afrika, wenye majani hawafai.

Iko hoja moja ya upande wa pili tunayoiheshimu. Nayo ni ya wachezaji. Kijana kama Feisal Salum, aliyekuwa na Heroes mwaka 2017 na akang'ara na Taifa Stars, siku ya kutengana angelazimika kuchagua, na kanuni za FIFA haziruhusu mtu kuvaa jezi hii leo na ile kesho. Baadhi ya vijana wetu wangebaki Stars, na hatungekuwa na haki ya kuwatukana. Timu yetu ya miaka ya mwanzo ingekuwa dhaifu kuliko tunavyoota. Atakayeahidi vinginevyo jukwaani, hata akiwa wa chama chetu, msimsadiki.

Tena tusiidhanie FIFA kuwa ni mlango ulio wazi. Katiba yake inataka chama cha eneo kama letu kipate idhini ya chama cha nchi, na maneno yenyewe yanazungumzia maeneo ambayo hayajapata uhuru, maneno ambayo Mzanzibari hawezi kuyatia sahihi bila ya mkono kumtetemeka. Lakini Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark na vyenye watu wapatao elfu hamsini, viliipata njia mwaka 1988. Mwaka 1990 walicheza mechi yao ya kwanza ya ushindani huko Landskrona, Sweden, kwa sababu kwao hapakuwa na uwanja hata mmoja wa majani. Wakaifunga Austria 1 kwa 0.

Turudi kwa shahidi wetu. Mwaka 2018 Majimaji iliteremka kutoka Ligi Kuu. Klabu iliyokuwa bingwa wa nchi mara tatu ikashuka daraja, na katika uwanja wenye jina la vita kubwa kabisa ya kuwapinga Wajerumani pakabaki michezo ya chini. Mlango haukufungwa na mtu yeyote huko Songea. Palikosekana kile kinachomfikisha mtu mlangoni: fedha za safari ndefu, timu za vijana, uongozi usiogombana. Hayo matatu ndiyo maradhi yetu pia, na la tatu kuliko yote. Migogoro ya chama chetu cha mpira, tangu kingali kikiitwa ZFA hata kimekuwa ZFF, imewapa wapinzani wetu maneno ambayo wasingeweza kuyatunga wenyewe.

Kwa hiyo twataka mambo mawili, na tunawataka wawakilishi wetu wayabebe. Shirikisho la Zanzibar litangaze hadharani kama, tangu Julai 2017, limepeleka ombi jingine CAF au FIFA, tarehe gani, na limejibiwa nini. Na Serikali iseme kama imepata kuliandikia Shirikisho la Tanzania kuomba ile idhini ya maandishi, au imetosheka na kupeana mikono. Maswali haya yaulizwe Barazani, na majibu yake tutayachapa katika karatasi hii neno kwa neno.