Nani Alisema Mapenzi Yanakaa Kilimani?

Wanandoa waliopendwa zaidi kwenye runinga ya Kenya hawakuwa wanandoa. Mzee Ojwang' na Mama Kayai wa Vitimbi waligombana, wakafichana pesa, wakapatana na kugombana tena pale KBC kwa miaka na miaka, na watu wazima wenye akili zao wakaamini kwamba taa za studio zikizimwa, wawili hao wanaenda kulala nyumba moja. Wapi! Benson Wanjau alikuwa na familia yake, Mary Khavere alikuwa na yake. Wanjau hata Mjaluo hakuwa. Lafudhi ile iliyotuvunja mbavu ilikuwa kazi, kama ya seremala na randa yake.

Upande wa pili kuna Lulu Hassan na Rashid Abdalla. Hawa ni mke na mume kwelikweli, na mwaka 2018 walianza kuketi meza moja Citizen TV wakitusomea habari kwa Kiswahili, kila mmoja na zamu yake, utadhani walijuana asubuhi hiyo kwenye lifti.

Tazama vizuri hapo. Wawili wanalipwa wajifanye wameoana. Wawili wengine wameoana na wanalipwa wakae kama wafanyakazi wenza. Changanya watu wa aina hizo mbili kwenye kituo kimoja cha kubuni, wape mshahara uliochelewa na chumba kimoja cha vipodozi, na una komedi ya mapenzi ambayo nchi nzima ingekaa chini kuitazama. Mbona hatujaitengeneza?

Wamarekani waliuona utamu huu kitambo. Broadcast News ya 1987 ni filamu ya mapenzi ndani ya chumba cha habari. Jane, mtayarishaji, anampenda Tom, mtangazaji mwenye sura nzuri kuliko akili. Halafu anagundua kwamba lile chozi Tom alilomwaga akimhoji mwanamke mmoja lilirekodiwa baadaye. Kamera ilikuwa moja tu, kwa hiyo ilibidi igeuzwe ndipo jamaa alie upya. Mapenzi yanakufa hapo. Hakuna mpango wa kando wala mama mkwe mkorofi, ni chozi feki la kazini tu. Filamu inaelewa kwamba mtu anapenda kwa moyo uleule anaofanyia kazi.

Sasa njoo kwetu. Disconnect ilitoka 2018, marafiki wa Nairobi wakisaka wachumba. Ikaja Disconnect: The Wedding Planner mwaka 2023, na harusi ikapelekwa pwani. Nimezitazama zote na nikacheka, sitajifanya. Catherine Kamau anaweza kukuchekesha hata akikusomea bili ya stima. Hasira yangu haiko kwa waigizaji. Iko kwa ile dunia wanayopangiwa kuishi: fleti yenye roshani, divai mezani siku ya kazi, droni ikipita juu ya Nairobi kana kwamba inatafuta mwizi. Kazi ni kufungua laptopu kando ya kikombe cha kahawa. Na mazungumzo ya moyo ni Kizungu. Kiswahili huruhusiwa kuingia mtu akikasirika, akilewa, au akimwambia mlinzi afungue geti.

Mimi ni wa Matiliku, Makueni. Huku watu wanatongozana, wasee. Wanaachana kwa sababu ya meseji ya M-Pesa iliyoingia saa nne usiku kutoka kwa "Fundi Pampu". Wanarudiana sokoni, juu ya magunia ya maembe. Jamaa anachukua Fuliza kumnunulia dem soda, halafu wiki nzima kila shilingi inayoingia kwenye simu inamezwa kabla hajaiona. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuambiwa "nakupenda" kwa Kizungu cha Kilimani akaamini.

Ukiuliza, utaambiwa: soko. Eti mtazamaji wa nje hataelewa. Uongo. Country Queen ya 2022, mfululizo wa kwanza wa Kenya kwa Netflix, ulikuwa na Kikamba, Kiswahili na Kizungu vyote ndani, na tafsiri ikapita chini ya skrini bila mtu kupasuka kichwa. Kwa hivyo lugha si tatizo. Lakini angalia Kikamba kilipewa kazi gani: kampuni ya machimbo, vita vya ardhi, baba mgonjwa. Kijiji ni mahali pa kurudi ukalie. Kucheka utachekea Nairobi.

Nao wa runinga wana shida iliyo kinyume. Lulu na Rashid wana kampuni yao, Jiffy Pictures, iliyotupa Maria, Zora na Sultana. Kiswahili cha humo kinatiririka, na saa ya Maria ilipofika hata mwenye duka hapa sokoni alikuhudumia akikupa kisogo. Heshima zao. Ila ni mapenzi ya kasri: msichana maskini, kijana tajiri, shangazi mwenye sumu, machozi Jumatatu hadi Ijumaa. Filamu imechukua kicheko ikaacha Kiswahili, runinga imechukua Kiswahili ikaacha kicheko. Vitimbi, na ule udhaifu wake wote wa seti za mbao, ilikuwa na vyote viwili, na tukaiweka kabatini kama kitu cha wazee.

Nina sababu yangu ya kuchemka. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na tangu hapo nala kwa kuandika. Niliandika skripti ya aina hii na kuipeleka kwa kampuni moja Nairobi, jina tuliache. Nikaitwa, nikapewa chai. Wakasema ni tamu sana, ila niihamishie Kilimani, na yule mhusika Mkamba nimfanye mlinzi kwa sababu "lafudhi yake itabamba". Nikauliza, je, akiwa ndiye anayependwa? Wakacheka. Hapo ndipo walipocheka kuliko popote kwenye skripti.

Mkamba wa komedi ya Kenya unamjua. Ni mlinzi, ni mboch, au ni mwanamke aliyemwekea mume wa watu kamuti kwenye chai. Inspekta Mwala wa Davis Mwabili angalau alikuwa na ofisi, cheo na jina lililotoka kwetu Ukambani. Lakini huyo naye tulicheka anavyotamka kabla hajafika kwenye kisa. Mtu ambaye lafudhi yake ni kichekesho hawezi kupewa busu la mwisho wa filamu, kwa sababu busu linahitaji ukumbi unyamaze.

Na kuna vichekesho vilivyolala hapa bila mtu kuviokota. Chukua ntheo. Kwa Wakamba unaweza kupiga goti na pete hotelini, upigwe picha, usambae mitandaoni. Bila mbuzi wa ntheo kufika kwao msichana, wazee hawajakuona. Hata mahakama, watu wakigombania urithi, zimeuliza mara nyingi: ntheo ilifanywa? Sasa, katika skripti yangu, kijana ni mwigizaji. Kila Jumatano nchi inamwona runingani na mke, mkewe wa kuigiza, ambaye kwa kweli ameolewa na msoma habari wa kituo hichohicho. Anakuja Matiliku na mbuzi wake watatu kumchumbia msichana anayeshika kamera pale studio. Susu wa msichana, nyanya yake yaani, anamwangalia kutoka juu hadi chini na kusema mbuzi warudi. Huyu ana mke, tunamwona kila wiki, na mke mwenyewe hana makosa. Itabidi yule mke wa runinga apande gari kutoka Nairobi aje kuapa mbele ya wazee kwamba hajaolewa na huyu. Na anakuja na mume wake halali, ambaye njiani ameanza kushuku kwamba labda ameolewa.

Ndani ya filamu hiyo nataka pia hesabu ya pesa, kwa sababu bila hiyo itakuwa Kilimani nyingine. Mzee Ojwang' alipozidiwa na macho, Wakenya walichangishana ili afanyiwe upasuaji. Mtu aliyechekesha taifa kwa miongo alihitaji mchango ili aone. Alifariki 2015. Kwa hivyo mhusika wangu anapohesabu bei ya mbuzi watatu dhidi ya malipo ya kipindi kimoja, sitaki muziki wa kinanda nyuma. Nataka tuone tarakimu kwenye simu yake, na tusikie mbuzi.

Skripti ina kurasa 94. Bado sijaihamishia Kilimani.