Wageni wa Katavi na magari ya kukodi: Mpanda isiiachie Arusha biashara hii

MGENI anayetoka Ulaya kwenda kuona viboko wa mto Katuma ana njia mbili za kufika. Ya kwanza ni kupanda ndege ndogo Arusha au Dar es Salaam na kushuka katika kiwanja cha Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako gari la kambi humsubiri. Hukaa siku tatu au nne, kisha hupanda ndege na kuondoka. Mpanda mjini, yaliko makao makuu ya mkoa, haioni hata kivuli chake.

Njia ya pili ni kukodi gari na kusafiri kwa barabara. Mgeni huyu wa pili huenda akawa hana fedha nyingi kama yule wa ndege, lakini kila anapopita huacha chochote. Hununua mafuta, hulala nyumba ya wageni, hula wali na samaki wa Ziwa Tanganyika, huziba pancha, hununua asali ya Inyonga kando ya barabara. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Katavi, huyu ndiye mtalii wa kweli. Yule wa Ikuu humsikia tu akipita angani.

Tatizo ni kwamba gari analokuja nalo huyo wa barabara kwa kawaida limekodiwa Arusha, Dar es Salaam au Mbeya. Fedha kubwa kuliko zote katika safari yake, yaani kodi ya gari, hubaki huko. Mkoa unabakiwa na chenji.

Hesabu yake si ngumu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000, ukipitia Dodoma na Tabora au ukizungukia Mbeya na Sumbawanga. Kwa mgeni asiyetaka kuendesha usiku, hizo ni siku mbili kamili za kwenda na mbili za kurudi. Ikiwa gari limekodiwa kwa dola 150 kwa siku, dola 600 zimekwisha kabla hajaona nyati hata mmoja, na mafuta hayamo. Wengi wakifika hapo kwenye hesabu hukunja ramani na kwenda Serengeti.

Mgeni huyo huyo akijua kuwa anaweza kufika Mpanda kwa basi, treni au ndege, akakuta gari zima linamsubiri, safari yake inabadilika. Siku nne za barabarani zinakuwa siku nne za Katavi. Lango la hifadhi lililopo Sitalike liko chini ya kilomita 40 kutoka mjini. Kijiji cha Karema, ambako Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879 na kuwaachia Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, kinafikika kwa siku moja. Akiongeza siku mbili anashuka Rukwa kuona maporomoko ya Kalambo, yenye urefu wa zaidi ya mita 200, mpakani na Zambia.

Zamani ilikuwa rahisi kusingizia barabara, na kwa haki. Mpanda ilijulikana zaidi kwa reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na msafiri wa barabara alikuwa na safari ya vumbi au matope kutegemea mwezi. Leo kisingizio hicho kimepungua nguvu. Barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Sikonge na Koga ilizinduliwa rasmi Mei 2022. Lami hiyo hutumiwa na malori ya mahindi na mpunga kila siku. Hakuna sababu isitumiwe na watalii.

Wapo watakaosema kuwa mtalii hapendi kujiendesha, kwamba anataka dereva, mpishi na kiti cha kukunja. Hilo ni kweli kwa Kaskazini, ambako biashara ilijengwa hivyo tangu mwanzo. Namibia wamejenga yao kwa namna nyingine. Wageni hushuka Windhoek, huchukua gari lenye hema juu ya paa, hupewa ramani na simu ya kuomba msaada, na huendesha wenyewe hadi Etosha na kurudi. Nchi ile ina watu wachache, umbali mrefu na barabara nyingi za changarawe, kama ilivyo kwa upande huu wa magharibi wa Tanzania. Tena huko huendesha kwa kushoto kama hapa. Msafiri aliyezoea Namibia, Botswana na Zambia akifika Tunduma hahitaji kufundishwa upya, tofauti na atakayevuka ziwa kwenda Kongo, ambako huendesha kwa kulia.

Si kwamba Mpanda haina magari. Kuna Land Cruiser za watu wa madini, za wanunuzi wa tumbaku na nafaka, za wafanyabiashara wa mbao. Ukiuliza stendi au mapokezi ya nyumba ya wageni, mtu atapiga simu na gari litafika. Swali ni gari gani, na lina karatasi gani.

Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo mwenye gari wa Mpanda anapopaswa kusimama na kufikiri kabla hajamkabidhi mgeni ufunguo. Gari lenye namba za njano, lililokatiwa bima kama gari binafsi, halikukusudiwa kukodishwa. Mwenye nalo anaweza kuwa na bima kubwa na akalala usingizi, lakini siku gari likipinduka nje ya Sitalike likiwa na mtu aliyelipa kodi, kampuni ya bima itauliza lilikuwa katika shughuli gani. Jibu likiwa ni biashara, mkataba haukuhusu biashara. Mgeni mwenye mguu uliovunjika ana balozi wake na pengine bima yake ya safari. Mwenye gari ana deni la benki na mabati yaliyokunjamana. Nyumba imeuzwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kununua gari jipya. Ni kulihamisha gari lililopo kutoka matumizi binafsi kwenda biashara: usajili wa namba nyeupe, bima inayotaja wazi kuwa gari ni la kukodisha na kwamba anayeendesha anaweza kuwa mgeni mwenye leseni ya kwao na ya kimataifa, leseni ya biashara, na kwa anayetaka kuhudumia watalii, leseni ya wakala wa utalii ijulikanayo kama TALA. Ni gharama na ni mlolongo. Mwenye gari moja atalalamika kuwa masharti haya yaliandikwa kwa kuwaangalia wenye magari thelathini wa Arusha, na hatakuwa amekosea sana. Wizara na halmashauri zikitaka wenyeji waingie katika biashara hii, zianzie hapo, kwa kumpatia mwenye gari moja au mawili mahali pamoja Mpanda pa kumalizia karatasi zote bila kusafiri kwenda Dodoma.

Jambo la pili ni gari lenyewe. Katavi ina kilomita za mraba 4,471, na sehemu kubwa ya tambarare zake, Katisunga ikiwamo, ni udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji na hutikisa kila nati. Mvua zikianza, kati ya Novemba na Aprili, hugeuka ugali, na gari dogo la mjini hukaa humo hadi trekta lije. Gari la Katavi ni lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye tairi mbili za akiba, jeki inayofanya kazi, koleo, kamba ya kuvutia na maji ya kutosha.

Halafu kuna mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyowaita. Wadudu hawa hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Gari la bluu iliyokoza ndani ya Katavi ni mateso. Kipoza hewa, ambacho Dar es Salaam ni starehe, huku ni chombo cha kazi, kwa kuwa mgeni anayelazimika kufungua vioo ataumwa hadi alaani siku aliyoisikia Katavi, na atawaambia wenzake.

Sasa fedha, kwa kuwa mengi huzungumzwa kuhusu utalii bila kalamu na karatasi. Chukua mfano wa gari la shilingi milioni 60 linalokodishwa kwa shilingi 250,000 kwa siku, mafuta juu ya mteja. Likifanya kazi siku 90 za kiangazi tu, linaingiza milioni 22.5. Dereva wa mshahara wa 400,000 kwa mwezi huchukua milioni 4.8 kwa mwaka. Matengenezo na tairi, milioni 5. Bima, milioni 3. Leseni na mengineyo, milioni 1.5. Inabaki milioni 8.2 kabla ya kodi ya mapato. Ikiwa mtaji wote ni mkopo wa riba ya asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni milioni 9.6. Mwenye gari amefanya kazi mwaka mzima kumpa mwenye benki, na bado anadaiwa 1,400,000 juu.

Gari hilo hilo likifanya kazi siku 150, linaingiza milioni 37.5. Matengenezo yakipanda hadi milioni 8, inabaki milioni 20.2. Hapo riba inalipika na kitu kinabaki. Siku 60 za ziada ndizo zinazotenganisha biashara na balaa.

Siku hizo hazitatoka kwa watalii. Zitatoka kwa wakaguzi wa miradi, wapima ardhi, maofisa wa mashirika, wanunuzi wa mpunga wanaozunguka Mpimbwe, wataalamu wa migodi, watu wa asali. Hawa huja miezi ambayo mtalii hayupo, hawalalamikii rangi ya gari, na wana hitaji moja ambalo wenye magari wengi hawalipendi: risiti ya mashine ya EFD. Mhasibu wa shirika hapokei kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu. Mwenye gari anayekwepa mashine ili kukwepa kodi amejifungia nje ya wateja wake bora.

Ugumu upo kati ya Juni na Oktoba. Mahindi na mpunga vimeivuna shamba, wanunuzi wamejaa, kila gari linatafutwa, na ndiyo miezi ambayo viboko na mamba wa Katuma hubanana katika madimbwi yaliyobaki na mtalii hutaka kuwaona. Mwenye gari atashawishika kupakia magunia Jumatatu na mgeni Jumanne. Springi zilizobeba tani moja na nusu ya mahindi kutoka Usevya hazimwogopi mgeni; zitakatika zikiwa naye, porini, saa kumi na moja jioni, wakati kanuni za hifadhi haziruhusu kutembeatembea usiku. Bora mwenye magari mawili aamue mapema lipi la magunia na lipi la watu. Mwenye moja achague.

Kwa mwenye moja, njia ya busara ni kuungana. Wakulima wa tumbaku wana vyama vya msingi, wana SACCOS, wanajua kukaa mezani na kugawana hasara. Wenye magari matano wakiwa na ofisi moja, mkataba mmoja uliochapwa kwa Kiswahili na Kiingereza, fundi mmoja mwenye vipuri na namba moja ya simu inayopokelewa, gari la mmoja likiharibika la mwenzake huenda kumchukua mgeni. Hicho ndicho mgeni hulipia Arusha. Gari peke yake si bidhaa. Uhakika wa kutoachwa porini ndio bidhaa.

Na mwanzoni wasimwachie mgeni usukani. Waanze na dereva wa kwao, anayejua ni korongo lipi linapitika na lipi linadanganya, anayeweza kumsimulia habari za mzimu wa Katabi na mkwaju wa kando ya Ziwa Katavi ambako watu huacha sadaka. Dereva huyo hulinda gari na ni ajira. Baada ya misimu miwili mitatu, bima ikiwa imekaa sawa, anayetaka kujiendesha apewe kwa dhamana.

Jambo moja liko upande wa Mpanda tayari. Katika viwango vya TANAPA, gari lililosajiliwa nje ya nchi hulipia kuingia hifadhini kwa dola, na ada yake ni kubwa mno kuliko ya gari la Tanzania, ambalo hulipa kwa shilingi. Msafiri anayekuja na gari lake kutoka kusini akikuta gari la kukodi zuri mjini, anaweza kuliacha lake likioshwa na kufanyiwa matengenezo Mpanda, akaingia hifadhini na la mwenyeji. Nyumba ya wageni yenye uzio na mlinzi ingeweza kumtangazia huduma hiyo kuanzia kesho.

Mvua hukatika kuelekea Mei. Huo ndio mwezi wa kulipeleka gari gereji, kubadilisha springi na kwenda kwa wakala wa bima na kadi ya gari mkononi, kwa kuwa ikifika Julai fundi ana foleni ya malori, na mgeni wa kwanza anaweza kuwa ameshashuka stendi anaulizia gari la kwenda Sitalike.