MICHEZO NA MALEZI: Kwanza kujua kuanguka

Ninjutsu vijana wanaiona kwenye video, halafu wanaigiza na kuumizana. Basi tumjue mwalimu mwenyewe.

Masaaki Hatsumi wa Japani, aliyezaliwa 1931, alikuwa pia mtaalamu wa kuunga mifupa. Miaka mingi alipanda treni kutoka Noda kumfuata mzee Takamatsu, mbali kule Nara, afundishwe, mpaka mzee akafariki 1972. Hatsumi ndiye aliyeanzisha shule ya Bujinkan. Humo mwanafunzi hujifunza mapema kuanguka bila kuumia, kubiringika na kuinuka, pamoja na kukwepa.

Mzazi, nenda ukatazame mazoezi. Kama ni ngumi tu na kuanguka hakufundishwi, mtoto mrudishe nyumbani.