Riwaya ya Kiingereza Haina Baba Watatu

Tangu Ian Watt achapishe The Rise of the Novel mwaka 1957, wanafunzi wa fasihi wamekaririshwa kwamba riwaya ya Kiingereza ilizaliwa na Defoe, Richardson na Henry Fielding, wanawake wakafuata nyuma. Nasaba hiyo ina pengo. Mwaka 1744, miaka mitano kabla ya Henry kutoa Tom Jones, dada yake Sarah Fielding alichapisha The Adventures of David Simple bila kutaja jina lake. David, aliyedhulumiwa urithi na nduguye kwa wosia wa kughushi, anazunguka London akitafuta rafiki wa kweli, na kila nyumba anayoingia anakuta unafiki wa namna yake. Kejeli inauma zaidi inapomfikia Cynthia, msichana anayesimangwa kwao kwa kupenda vitabu, anayemkataa mchumba kwa kuwa ndoa ile ingemgeuza mtumishi tu, na anayeishia kuwa mwandani wa bibi tajiri, akila matusi pamoja na chakula. Sarah aliona jambo ambalo wenzake wa kiume hawakulichimba hivyo: urafiki unadai usawa, na mwanamke asiye na mali, aliyeachiwa kuolewa au kujipendekeza, hana wa kuwa sawa naye. Ndiyo maana riwaya ya kumtafuta rafiki inageuka kuwa mashtaka juu ya hali ya wanawake.

Watetezi wa Watt watasema kitabu kilisahihishwa na kaka mtu. Ni kweli, toleo la pili la mwaka huohuo lina marekebisho ya Henry na dibaji yake. Lakini katika dibaji hiyo yeye mwenyewe anakanusha uvumi kwamba ndiye mtunzi. Richardson naye alimwandikia Sarah mwaka 1756 akiunga mkono kauli ya mhakiki kwamba Henry aliijua saa kwa nje tu, dada akaijua mitambo ya ndani. (Richardson hakumpenda Henry, kwa hiyo tumpunguzie kidogo.) Watasema tena kwamba wahusika wenye majina ya tabia, kama Orgueil na Spatter, si watu halisi. Basi Allworthy na Thwackum wa Tom Jones ni akina nani? Kasoro isiyomwondoa kaka kwenye orodha haiwezi kumwondoa dada.

Mhadhiri anayepanga muhula wa riwaya ya karne ya 18 aiweke David Simple kabla ya Tom Jones. Tarehe zenyewe zinataka hivyo.