Mficha Maradhi Anamwogopa Nani?



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya vikundi vyetu vya kujifunza Biblia. Karibu kila usharika, parokia na mtaa una kikundi cha namna hii. Wengine hukutana kanisani jioni moja ya juma, wengine nyumbani kwa zamu, wengine chini ya mwembe baada ya soko kufungwa. Akina mama huja na Biblia zilizofungwa kwenye kanga, watoto mgongoni na uchovu wa kutwa nzima. Huimba, husoma, huomba, hunywa chai, kisha kila mmoja hurudi kwake.

Ni jambo jema, tena ni la zamani. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16 tunasoma kwamba Paulo alipofika Filipi, aliwakuta wanawake waliokusanyika kando ya mto kwa ajili ya sala. Mmoja wao alikuwa Lidia, mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau kutoka Thiatira. Bwana aliufungua moyo wake, na nyumba yake ikawa mahali pa kukutania waumini wa mji ule.

Hata hivyo viongozi wa vikundi huniuliza mara kwa mara: "Mbona tunakutana miaka na miaka, mistari tunaijua, lakini hatukui?" Wengine hudhani dawa ni kupata mwalimu mwenye elimu zaidi, au kuongeza mikesha. Sipingi elimu wala mikesha. Lakini nionavyo mimi, tatizo liko karibu zaidi. Hatukui kwa sababu hatusemi kweli mbele ya wenzetu. Na hatusemi kweli kwa sababu tunaogopa kwamba neno letu litafika sokoni kabla yetu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hutumika sana kumlaumu mgonjwa. Leo naomba tuigeuze kidogo na kujiuliza: huyo anayeficha, anamwogopa nani?

MAMA ALIYEKUJA KWA NYUMA

Fungueni Injili ya Marko sura ya 5, mstari wa 25 hadi wa 34. Yupo mama ambaye ametokwa na damu miaka 12. Ameteseka kwa matabibu wengi, fedha zake zote zimekwisha, na hali imezidi kuwa mbaya. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunamfahamu mama huyu. Huja amepauka viganja na macho, akipanda ngazi anahema, na mkononi ana mfuko wa karatasi za vipimo vya kila mahali.

Lakini ugonjwa haukuwa mzigo wake pekee. Kwa sheria ya Walawi sura ya 15, mwanamke mwenye hali hiyo alihesabiwa kuwa najisi. Kitanda alicholalia na kiti alichokalia vilikuwa najisi pia, na aliyevigusa vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kwa miaka 12 aliishi akiwakwepa watu, nao wakimkwepa. Ndiyo sababu hakuja mbele ya Yesu kama Yairo, mkuu wa sinagogi, aliyekuja hadharani kumwombea binti yake. Huyu alikuja kwa nyuma, katikati ya msongamano, akagusa vazi kimya kimya.

Luka anatueleza kwamba binti wa Yairo alikuwa na umri wa miaka kama 12. Yaani muda ambao mtoto yule alikuwa akilelewa na kupendwa nyumbani kwa baba yake, ndio muda ambao mama huyu alikuwa akiteseka bila mtu wa kumsemea. Yesu anamwita kwa jina hilohilo la nyumbani: Binti.

Sasa tazameni jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Yesu aliuliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi hawakumtaja mtu. Hakuna jirani aliyeinua mkono na kusema, "Bwana, ni yule mama mwenye ugonjwa wake ule." Mama mwenyewe alikuja akitetemeka, akasema kweli yote kwa kinywa chake.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya ushuhuda na umbea. Maneno yanaweza kuwa yaleyale, hata ukweli ukawa uleule. Tofauti ni mwenye neno. Akisema mwenyewe, ni ushuhuda nao humponya. Akisemewa na mwingine bila ruhusa yake, amevuliwa nguo mbele za watu, hata kama msemaji alifumba macho na kumalizia kwa "Amina".

UMBEA ULIOJIFUNGA KANGA YA MAOMBI

Nyote mnaijua sala ya namna hii: "Wapendwa, tumkumbuke mama fulani, sitasema mengi, ila ndoa yake iko pabaya." Au: "Tumwombee binti wa mzee wetu, Mungu anajua alichokwenda kufanya mjini." Akina mama huitikia kwa huzuni. Sala ikiisha, vichwa viwili vinakutana mlangoni: "Kwani kuna nini?"

Nimeona vikundi vikivunjika kwa sala kama hizo. Havivunjiki kwa kelele. Mama anayesemwa anaanza kuchelewa, kisha anakosa Alhamisi moja, kisha mbili, kisha tunasema imani yake imepoa. Na wale waliobaki wanajifunza somo ambalo halimo katika Biblia: hapa leta mahitaji mepesi tu. Omba kwa ajili ya safari, mtihani wa mtoto na mvua. Mengine baki nayo.

Basi mama anayepigwa anaomba safari njema. Mama anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, akizificha kwenye kopo la unga wageni wasizione, anaomba mvua. Na sisi tunashangaa kwa nini kikundi hakikui.

Wazee wetu wa Uamsho ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukaenea hadi Kenya na Tanganyika, walikuwa na mazoea ya kukutana, kulisoma Neno na kuungama waziwazi. Waliita kutembea nuruni. Tukumbuke kwamba mtu aliungama ya kwake. Yakobo naye, katika sura ya 5 mstari wa 16, anatuhimiza tuungamiane dhambi zetu na kuombeana. Dhambi zetu, si za jirani.

"NDIYE MIMI"

Katika kikundi chetu tuliwahi kuisoma habari hiyo ya Marko 5. Tulipomaliza, mama mmoja wa makamo alibaki akijifanya anakusanya vikombe. Wenzake walipotoka aliniambia, "Nesi, huyo mama mliyemsoma leo, ndiye mimi." Ninayaeleza haya kwa ruhusa yake, na nimeacha yote yanayoweza kumtambulisha.

Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka kadhaa nyuma. Sasa damu ilikuwa imerudi, mwezi wa tano ule. Alikuwa amefunga na kuomba. Hakuwa amemwambia mumewe wala dada yake. Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu kwamba alingoja kuona kama mambo yanayosemwa chumbani mle hubaki mle. Alikuwa ametupima karibu mwaka mzima.

Nilimsindikiza kwenye uchunguzi. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, akapewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa matibabu ya mionzi. Kabla ya kusafiri aliwaambia akina mama maneno machache tu: "Naumwa. Nitakuwa mbali majuma kadhaa. Naomba mniombee, na naomba msiniulize."

Hawakumwuliza. Wala mimi hawakuniuliza, ingawa walijua najua. Walipanga zamu: huyu kupika kwa ajili ya watoto, huyu kufua, huyu kumwagilia mboga. Mmoja aliuza kuku wawili kwa ajili ya nauli. Kila Alhamisi walimwombea kwa jina lake, na hapo sala ikakomea.

Ndugu zangu, mimi nimehudhuria semina nyingi za imani. Sijaona kukua kwa imani kuliko kule. Kumwombea mtu huku ukijua kila kitu ni rahisi. Kumwombea na kumfulia bila kujua ugonjwa wake kunadai kuamini kwamba Mungu anajua, na inatosha.

Alirudi amekonda. Bado anahudhuria kliniki kwa tarehe zake, na hatujui ya kesho. Lakini miezi mingi baadaye alisimama mwenyewe, akasimulia yote. Jioni ile akina mama watatu waliomba kuongozana naye kwenda kupimwa.

MAMBO YA KUTUSAIDIA

Kwa vikundi vinavyotaka kuanza upya, haya yametufaa sisi.

1. Muwe wachache. Watu 8 hadi 12 wanatosha. Mkizidi, gaweni kikundi, wala msione ni utengano.

2. Someni kitabu kizima, msirukeruke. Anzeni na Ruthu. Kina sura 4 na mistari 85 tu, kwa hiyo mwezi mmoja unatosha. Kina njaa, ujane, ugeni, mkwe na mavuno, mambo tunayoyajua. Asomaye asome polepole kwa sauti, maana wapo wasiojua kusoma na wanaona haya kusema. Ikiwa maneno ya Biblia ya mwaka 1952 ni magumu kwa vijana, linganisheni na Habari Njema.

3. Fedha zikae mbali. Vikoba na upatu vina faida kubwa, lakini viwe na siku yake. Mama aliyeshindwa kulipa marejesho huona haya kuja kusoma Neno, na hapo tumempoteza kwa deni.

4. Wekeni agano la siri, mlitamke kila mkutano. Lenu linaweza kuwa fupi: la mwenzangu si langu kulisema. Halisemwi kwa mume, kwa mchungaji, wala kwenye simu, mpaka mwenyewe aruhusu.

5. Mwenye hitaji alitaje mwenyewe. Asiyekuwapo aombewe kwa jina tu.

6. Siri ina mpaka wake. Mtoto akiwa anadhulumiwa, au uhai wa mtu ukiwa hatarini, kunyamaza ni dhambi. Mwambieni mhusika kwamba mtatafuta msaada, kisha mwende naye kwa ofisa wa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Huko si kusengenya, ni kuokoa.

NENO LA MUUGUZI

Mama yeyote anayetokwa na damu baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, aende kituo cha afya. Si kila damu ni saratani. Inaweza kuwa uvimbe, maambukizi au sababu nyingine. Lakini haijulikani mpaka upimwe.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania. Kwa sehemu kubwa husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana na ni cha kawaida mno, kwa hiyo kukipata si ushahidi wa uasherati. Huchukua miaka mingi hadi kuleta saratani, na hiyo miaka ndiyo nafasi yetu. Uchunguzi wa kutumia siki huchukua dakika chache tu: mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na penye mabadiliko huonekana peupe. Mabadiliko ya awali hutibiwa kabla hayajawa saratani. Wenye miaka 30 hadi 50 wasikose kupimwa, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze mapema na kupimwa mara nyingi zaidi. Tangu mwaka 2018 chanjo inatolewa nchini kwa wasichana. Tusiwanyime binti zetu.

Wala tusishindanishe maombi na hospitali. Luka, aliyetuandikia habari za yule mama, Paulo anamwita tabibu mpendwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Someni Mithali 11:13. Je, mtu akitupa siri leo, itakuwa wapi keshokutwa?

2. Katika Marko 5, kwa nini Yesu alisimama kumsikiliza mama huyu ingawa Yairo alikuwa na haraka?

3. Ni nani aliyeacha kuja kikundini mwaka huu? Msijadili sababu zake. Pangeni nani atakwenda kumsalimu, aende na nini mkononi.

TUOMBE

Ee Bwana Yesu, uliyesimama njiani kumsikiliza mama mmoja mpaka akamaliza kusema, utufundishe kusikiliza. Uweke mlinzi midomoni petu. Chumba chetu kiwe mahali ambapo binti zako wanaweza kuja kwa mbele, bila kujificha. Amina.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.